Mama Hope na Uyoga wa Mzee Dieter

Ijumaa ya tarehe 29 Mei 2026, saa kumi jioni, Bi Nkasiogi Lesian atavua aproni kwa mara ya mwisho akiwa mfanyakazi wa Meru-Stube. Atakuwa amelitumikia jiko letu kwa miaka ishirini na minane na miezi miwili. Aliingia Machi 1998 akiwa mwosha vyombo, anatoka akiwa mpishi mkuu. Inasemekana katika miaka yote hiyo alikosa kazi bila taarifa siku moja tu, siku aliyojifungua bintiye Hope, na hata siku hiyo alimtuma jirani aje kusema supu iepuliwe.

Kwa wageni wa hafla ambao hawajawahi kufika kwetu Lemara: Meru-Stube, yaani sebule ya Meru kwa Kijerumani, ni chumba kimoja chenye meza nane, benchi za mbao zenye mito, mapazia mafupi ya madoadoa mekundu, na dirisha linalotazama mlima mawingu yakikubali. Madereva wa bodaboda wanapaita Stubeni, na siku hizi hata wateja wanaopiga simu kuweka meza wanasema Stubeni. Ni mgahawa wa Kijerumani, lakini mwenye mgahawa ni Mzee Elinami Swai wa Machame, aliyejifunza ubucha Ujerumani akiwa kijana akarudi na visu vyake na hamu ya kutengeneza soseji. Mwezi wa saba baridi ikishuka kutoka mlimani, meza zote hujaa, vioo hufanya ukungu, na watu huongea kwa sauti ya chini kama wako sebuleni kwa shangazi.

Kwenye vitambulisho anaitwa Nkasiogi. Jikoni ni Mama Hope, na ndivyo nitakavyomwita.

Nimeombwa niandike mimi, Agnela, mhudumu wa meza tangu 2010. Wenzangu walikwepa, kwa sababu huwezi kueleza utumishi wa Mama Hope bila kueleza habari ya uyoga, na habari hiyo tulikatazwa kuitaja hadharani kwa miaka saba. Mzee Elinami hakutaka neno "uyoga" na neno "Stubeni" yakae katika sentensi moja. Mwezi uliopita alinipa ruhusa. Alisema, "Andika yote. Na yangu pia uyaandike." Basi nayaandika.

Nianze na ndoo.

Wiki ya pili ya kazi, Mama Hope alitumwa kusafisha stoo. Akakuta ndoo mbili zilizofunikwa kwa vitambaa na mawe juu. Akafunua, akanusa, akarudi nyuma hatua mbili. Ndani mlikuwa na kabichi iliyokatwa nyembamba, inatoa povu. Alibeba ndoo ya kwanza akaimwaga shimoni, akarudi kuchukua ya pili, akaziosha zote kwa maji ya moto na sabuni, akazianika juani, akamngoja Mzee Elinami aje ampongeze.

Mzee alizitazama ndoo zinavyong'aa. "Umemwaga nini?"

"Kabichi iliyooza, baba."

"Haikuwa imeoza," alisema Mzee Elinami, akatafuta kiti. "Ilikuwa imeiva."

Ilikuwa kabichi ya kuchachusha, kazi ya wiki tano, ile Wajerumani wanayokula na soseji. Wiki ile wageni walikula soseji kwa mchicha. Mzee hakumfukuza. Alimwita kando akamfundisha kuitengeneza mpya: chumvi kiasi gani, jiwe la uzito gani, harufu ya siku ya tatu, harufu ya siku ya kumi. Na Mama Hope akajiwekea utaratibu wake ambao hakuuacha tena. Hapiki kitu mpaka ajue kimetoka wapi, kimekaa siku ngapi na kimepita mikononi mwa nani. Wanaotuletea nyama ya nguruwe kutoka Kikatiti wanamjua. Mmoja wao aliwahi kuniambia kwamba polisi wa barabarani humuuliza maswali machache kuliko yeye.

Nguruwe mwenyewe alikuwa mtihani. Mama Hope ametoka upande wa magharibi wa mlima, kwa Waarusha, katika familia ya Kilutheri yenye ng'ombe, mbuzi na mahindi. Mama yake mzazi alikuja kumtembelea kazini mwaka wa kwanza, akaketi kwenye kigoda mlangoni mwa jiko akatazama nyama ya nguruwe ikigongwa, ikichovywa kwenye mayai, ikivingirishwa kwenye unga wa mkate na kutiwa mafutani. Mwishowe akauliza kwa Kimaa, kwa huruma ya kweli, "Mwanangu, hawa watu hawana mbuzi?"

Mwaka 2006 aliyekuwa mpishi mkuu alihamia Dodoma, na Mama Hope akakabidhiwa jiko. Hakuwahi kukaa darasani kusomea upishi. Tambi za mayai alizikwangua kwenye ubao kwa kasi ambayo Wajerumani waliomba kuja jikoni kuishuhudia. Keki yake ya matofaa iliombwa kwenye ubarikio, kipaimara na harusi za mji mzima. Amewafundisha wapishi kumi na mmoja, na wanne kati yao ni wakuu wa majiko ya watu wengine. Hoteli za watalii zilimtaka mara tatu. Mara zote alijibu kwamba jiko kubwa lina watu wengi wa kuulizwa nani kafanya nini. Mwaka 2020 wageni walipokatika, ni yeye aliyepata wazo la kuuza mkate wa ngano nyeusi na supu kupitia dirishani, na dirisha hilo ndilo lililotuvusha.

Sasa nifike kwenye ile Aprili.

Mzee Dieter ni Mjerumani mtaalamu wa misitu, mstaafu, anayeishi Tengeru tangu kabla sijazaliwa. Alikuwa mteja wetu wa kila Alhamisi, meza ya pembeni, supu kwanza. Kiswahili chake ni kizuri kuliko cha wengi wetu. Jumamosi ya tarehe 13 Aprili 2019 alitimiza miaka sabini na minne, akaweka meza tatu za mchana kwa wageni kumi na mmoja. Mvua za masika zilikuwa zimenyesha wiki nzima. Alfajiri ile alikuwa ametembea kwenye mashamba ya misonobari mlimani, na alipoingia Stubeni alikuwa na kikapu mkononi na uso wa mtu aliyeokota dhahabu.

Alikuja nacho mpaka mlango wa jiko. Kilijaa uyoga mweupe wenye kofia laini za rangi ya kijani kibichi kilichopauka.

"Mama Hope! Leo naleta zawadi. Kaanga tu na siagi, kitunguu na chumvi. Usiongeze kitu kingine."

"Shikamoo, mzee. Hongera kwa siku yako." Mama Hope alifuta mikono, akauchukua mmoja, akaugeuza, akaurudisha kikapuni. "Uyoga huu siujui."

"Mimi naujua. Nimeula tangu nikiwa mtoto."

"Umekula wa kwenu, mzee. Huu umeota kwetu."

Alicheka. "Miti ile ilitoka Ulaya. Uyoga ulikuja na miti."

"Inawezekana. Lakini mimi siujui, na nisichokijua sikipiki."

Mlango wa jiko letu uko hatua nne kutoka meza ya kwanza. Wageni wote walikuwa wanasikiliza. Nilimwona Mzee Dieter akibadilika rangi. Hakuwa mtu wa hasira, lakini siku ilikuwa yake, wageni walikuwa wake, na kazi aliyoifanya maisha yake yote ilikuwa misitu. Mzee Elinami akaja haraka kutoka kaunta.

"Mama Hope, kuna nini? Mzee amekula hapa miaka ishirini. Mpikie uyoga wake."

"Nitampikia chochote kilichomo kwenye friji, mzee wangu, hata mara mbili. Hiki hapana."

"Ni amri."

"Basi niamuru kitu kingine."

Sijui kama wasomaji wanaelewa uzito wa maneno hayo. Katika miaka yangu yote pale sikuwahi kumsikia akimjibu Mzee Elinami. Alisema taratibu, macho chini, mikono imeshikana mbele, kama mtu anayeomba ruhusa ya kwenda msibani.

Chakula kililiwa, lakini sherehe ilikuwa imeharibika. Wageni waliongea kuhusu mvua. Mzee Dieter hakungoja keki. Alichukua kikapu chake, akapeana mikono na kila mtu isipokuwa mpishi, akaondoka. Mlangoni alimgawia uyoga rafiki yake, Mwalimu Solomoni, mwalimu mstaafu wa Kikatiti ambaye waliimba naye kwaya miaka mingi. Alimjazia mfuko na kumwambia, "Wewe angalau utakula na mimi."

Mzee Elinami aliingia jikoni akiwa amekunja uso. "Umenidhalilisha mbele ya watu. Kesho utakwenda Tengeru kumwomba radhi. Usipokwenda, Jumatatu usije."

Alipotoka, Mama Hope aliketi juu ya kreti la soda. Hope alikuwa mwaka wa kwanza chuoni, na baba yake Hope alishafariki. Sote tulijua maana ya "Jumatatu usije".

"Agnela," aliniambia, "labda nimekosea. Mzee wa watu ameishi na miti maisha yake yote. Mimi nani nimwambie habari za uyoga?"

Kusema kweli, nami nilidhani amekosea. Nilimwahidi kumsindikiza.

Kesho yake ilikuwa Jumapili ya Matawi. Tulitoka ibada ya kwanza, yeye akiwa na gauni lake la buluu la kanisani na tawi bado mkononi, tukafika Tengeru kama saa tatu na nusu. Njiani alikuwa akijizoeza kuomba radhi. Alijaribu "Mzee, nimekukosea," akaona ni fupi. Akajaribu ndefu, akaisahau katikati.

Hakuhitaji hata moja. Geti lilifunguliwa na Nathanaeli, mtu mzima anayemtunzia Mzee Dieter nyumba, na kabla hatujasalimiana vizuri alisema, "Afadhali mmekuja. Mzee anaharisha na kutapika tangu alfajiri. Anasema labda ni soseji ya jana."

Soseji yetu! Mama Hope hakusimama kufikiri habari ya soseji. Alimpita Nathanaeli, akaingia moja kwa moja jikoni kwa mwenzake. Kwenye jiko palikuwa na kikaango chenye siagi iliyoganda. Chini ya meza, kikapu, na ndani uyoga kidogo uliobaki.

Mzee Dieter alikuwa amelala kwenye kochi, uso rangi ya majivu, ndoo pembeni. Alijaribu kuinuka alipotuona.

"Umekuja kuomba radhi? Baadaye, Mama Hope. Sijisikii vizuri."

"Ulikula uyoga saa ngapi, mzee?"

"Saa kumi na mbili jioni. Haiwezi kuwa uyoga. Ningeumwa saa ileile."

"Ulikula na nani?"

"Peke yangu."

"Nathanaeli, wewe?"

"Mimi jana nilikuwa kwangu," alisema Nathanaeli, na nikamwona anajishika tumbo hata hivyo.

Mama Hope aliutia ule uyoga uliobaki kwenye sufuria ndogo, akaifunika, akaifunga kwa mtandio wake. Tukapata gari la jirani, tukampakia mzee. Njia nzima hadi hospitali aliipakata sufuria ile kama mtoto, na tawi la Jumapili akaliacha kwenye kochi la Mzee Dieter.

Daktari wa zamu alikuwa dada mmoja mpole mwenye maswali mafupi. Alipofunuliwa sufuria, aliacha kuandika. Alipiga picha, akamtumia mwenzake aliyekuwa akimwamini kwa mambo hayo, akarudi baada ya dakika chache hatembei tena, anakimbia. Alitueleza baadaye kwa lugha nyepesi: kuna uyoga ambao sumu yake hukaa kimya saa nyingi, ndiyo maana mgonjwa hulaumu kitu kingine. Kisha huja nafuu ya uongo ya siku moja au mbili, mtu anaomba kurudi nyumbani, na huku ini linaharibika.

"Nani mwingine amekula?" aliuliza.

Mzee Dieter, dripu mkononi, alifumbua macho. Tulimwona akikumbuka. Alinyoosha kidole kwenye simu yake, nami nikaifungua. Palikuwa na ujumbe wa saa mbili usiku wa jana, kutoka kwa Mwalimu Solomoni: "Kaka Dieter, tumekula uyoga mimi na Hanna. Mtamu sana, tumeshiba. Mungu akubariki na akuongezee miaka."

Nilipiga simu. Haipatikani. Nikapiga tena, na tena. Jumapili ya Matawi, saa tano kasoro, simu za nusu ya mkoa zilikuwa zimezimwa kanisani.

Mzee Dieter alianza kulia. Hakulia kwa sauti, machozi tu yalitelemka pembeni kuelekea masikioni. "Nilimpa kwa mkono wangu," alisema. "Mama Hope, nilimpa kwa mkono wangu."

Mama Hope alimshika mguu juu ya shuka. "Nakwenda kumleta, mzee. Wewe pumua."

Wakati ule Mzee Elinami alikuwa ameshafika, kwa kuwa nilimpigia tukiwa njiani. Tuliingia kwenye gari lake, yeye usukani, Mama Hope mbele, mimi nyuma na simu. Kutoka mjini hadi Kikatiti barabara ni nzuri, lakini siku ile niliona ni ndefu kuliko ya Dodoma. Niliendelea kumpigia Mwalimu mpaka tulipopita Usa River.

"Mama Hope," Mzee Elinami alianza.

"Angalia mbele, mzee," alisema Mama Hope. "Tutaongea tukirudi."

Tuliwakuta wamekaa kwenye benchi nje ya nyumba yao, wametoka kanisani dakika chache zilizopita, Mwalimu Solomoni bado na koti, mkewe Hanna anavua viatu. Wakasimama kutupokea kwa furaha kubwa. Tukakaribishwa. Tukaulizwa habari za asubuhi, za mgahawa, za watoto. Mama Hope alijibu salamu moja tu.

"Mwalimu, ule uyoga wa jana mlikula saa ngapi?"

Mwalimu Solomoni alimtazama mkewe kidogo, kisha akatutazama sisi. "Ah, jioni. Saa moja hivi. Ulikuwa mtamu mno. Mwambieni kaka Dieter tunashukuru."

"Mnajisikiaje?"

"Wazima kabisa!"

"Hata yeye alikuwa mzima mpaka alfajiri," Mama Hope alisema. "Mwalimu, Mzee Dieter yuko wodini. Uyoga ule una sumu. Daktari anawataka sasa hivi, muwe mnaumwa au hamuumwi. Ingieni garini."

Mwalimu Solomoni alikaa chini kwenye benchi kama aliyesukumwa. Mama Hanna aliweka mikono yote miwili kichwani. Nilidhani anaanza kulia. Kumbe alikuwa anatafuta pa kuanzia.

"Hatukula," alisema.

"Nini?"

"Hatukula, jamani! Mimi uyoga wa porini sijawahi kula tangu nizaliwe. Mwalimu alipouleta nikaufunga vizuri kwenye mfuko wake nikaufukia kwenye shimo la takataka, kule migombani. Tulikula ndizi."

"Na ujumbe?" Mzee Elinami aliuliza.

Mwalimu alitazama viatu vyake. "Ningemwambiaje? Siku yake ya kuzaliwa, ameshakasirishwa mgahawani. Nikaona nimfurahishe."

Nilidhani tungepiga kelele za furaha pale pale, lakini Mama Hope alikuwa Mama Hope. "Nionyesheni shimo," alisema.

Tukaenda wote watano migombani, na gauni la buluu likiburuta kwenye majani yaliyolowa. Mwalimu alifukua kwa jembe. Mfuko ulikuwepo, fundo lake halijaguswa. Mama Hope alilifungua, akatazama ndani, akaniuliza mimi niliyekuwa mlangoni wakati unagawiwa kama ulijaa hivi. Nikasema ndiyo, hivi hivi. Akaufunga. Kisha akakaa chini, juu ya majani makavu ya mgomba, na nguo yake ya kanisani, akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na Mama Hanna naye akacheka, na Mwalimu, ambaye hakujua kama amesamehewa, akacheka kwa tahadhari. Mimi nililia. Sijawahi kujisikia mwepesi namna ile, ni kama mtu aliyetuliwa gunia la mahindi begani.

Mzee Elinami hakucheka. Alivua kofia. Mchaga wa umri wake, mwenye mgahawa, mzee wa kanisa, mbele ya wenyeji na mbele yangu mimi mhudumu wake, alisema, "Mama Hope, jana ningekufukuza kwa sababu hukutaka kuua watu kumi na wawili mezani kwangu. Nimekosa. Nisamehe."

Mama Hope alijifuta uso. "Nimekusamehe, mzee wangu. Nisaidie kuinuka, magoti yangu hayataki."

Nilimpigia daktari, nikamwomba amweleze mgonjwa. Aliniambia Mzee Dieter alifumba macho, akasema kitu kwa Kijerumani, akalala.

Hatukuwa tumemaliza. Siku ya tatu Mzee Dieter alijiona mzima, akadai nguo zake. Daktari alimkatalia katakata, kwa sababu alijua alichokula, na alijua kwa sababu ya sufuria ile ndogo. Usiku wa siku hiyohiyo hali ilibadilika, na kwa siku tano hatukujua kama atapona. Mjini uvumi ulikuwa umeshaanza kwamba mzungu amekula Stubeni akalazwa. Meza zilikaa tupu. Afisa wa afya alikuja, akafungua kila friji, na Mama Hope akamwonyesha daftari lake la kila kilichoingia jikoni, siku na saa. Afisa alisoma kurasa nyingi, akasema hajawahi kuona kitu kama kile, akaomba supu. Siku ya kumi na tisa Mzee Dieter aliruhusiwa, amekonda nusu, ini limepona. Jambo la kwanza alilolifanya ni kukaa kwenye meza yake ya Alhamisi na kumweleza kila aliyeingia, bila kuulizwa, kwamba aliyemlaza ni yeye mwenyewe, na aliyemnusuru yuko nyuma ya mlango ule. Uvumi ulikufa ndani ya wiki mbili. Mama Hope aliposikia anasifiwa kwa sauti, alituma ujumbe kwamba supu inapoa.

Hakuna aliyepoteza kazi. Hakuna aliyezikwa. Kila mwaka, Jumapili ya Matawi, Mwalimu Solomoni na Mama Hanna huja Stubeni na kula chakula chote kilicho mbele yao, na kisichowapendeza wanakisema. Nadhani hiyo nayo ni sehemu ya mafanikio yake kazini, ingawa haiko kwenye barua ya kustaafu.

Kwa nini anaondoka sasa, wakati mikono yake bado ina kasi? Ni magoti. Miaka ishirini na minane ya kusimama kwenye sakafu ya saruji imeyamaliza. Daktari alisema "punguza", yeye akajibu hajui kupunguza, anajua kuacha. Alipomwambia Mzee Elinami mwezi wa kwanza, tulingoja huzuni. Lakini asubuhi iliyofuata alikuja anaimba, na sote tukagundua kwamba alikuwa amebeba uamuzi ule peke yake kwa muda mrefu. Jiko amelikabidhi kwa Koikai, aliyemfundisha mwenyewe kwa miaka tisa. Hope ni mwalimu wa hisabati, ana nyumba Olasiti, na chumba cha mama kiko tayari, chenye kitanda cha juu kidogo ili magoti yasisumbuke.

Jumanne iliyopita, katika kupanga hafla hii, tuligundua jambo la aibu. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona Mama Hope amekaa ukumbini. Chakula chake cha mchana amekila jikoni, amesimama, kijiko kimoja kimoja, tangu 1998. Basi saa nane mchana, wageni walipopungua, Koikai alimvua aproni kwa nguvu na mimi nikamshika mkono mpaka meza ya dirishani. Alikaa ukingoni mwa benchi kama mgeni wa benki. Nilimletea menyu, akasema hana haja nayo, nikamwambia kila mteja hupewa. Akaisoma yote, mwanzo mpaka mwisho, chakula alichokipika yeye mwenyewe miaka yote hiyo. Akaagiza nyama ya kugonga, viazi, na kabichi chachu kidogo.

Mvua ilikuwa inanyesha. Vioo vilikuwa vimefanya ukungu, mezani pana mshumaa, na kwenye meza ya jirani familia moja ilikuwa inasherehekea kitu kwa sauti za chini. Alikula polepole. Akajisogeza nyuma mpaka mgongo ukagusa mto. Akatazama mapazia, akatazama mlango wa jiko kutoka upande ambao hajawahi kuukalia, akashusha pumzi ndefu niliyoisikia nikiwa kaunta.

"Agnela," alisema, "kumbe huku ni kuzuri hivi?"

Ndiyo, Mama Hope. Ni kuzuri, na ni wewe uliyekufanya kuwe hivyo, ukiwa upande wa pili wa mlango. Kwa niaba ya Mzee Elinami, Koikai na wote wa Stubeni, na kwa niaba ya watu waliotoka mezani kwetu wazima wasijue kwamba kuna aliyewalinda, tunasema ahsante. Tunakuombea siku ndefu, magoti mepesi na usingizi usio na kengele ya alfajiri. Nenda ukapumzike Olasiti. Ukichoka kupumzika kule, njoo upumzike huku. Meza ya dirishani tutaifuta wenyewe.

Agnela, mhudumu wa meza
Kwa niaba ya wafanyakazi wa Meru-Stube, Lemara